Klachi mpya, pedali inazama

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya PHP, Linux na hifadhidata, na ile makala niliyoahidi kuhusu kuhifadhi nakala za data ingali njiani. Leo mtaniwia radhi. Kwa wiki tatu sasa kichwa changu kimekuwa chini ya boneti kuliko mbele ya tarakilishi, na huko nimekutana na somo ambalo naona litamfaa mwenye gari na mwandishi wa programu vilevile. Asiye na gari naye asiondoke. Hesabu iliyomo ni ya shuleni tu.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1999, gia za mkono. Rafiki zangu hunicheka kwamba nashinda nikiandika programu za kisasa halafu naendesha gari la zamani. Wacha wacheke. Spea zake zinapatikana kila mahali, na karibu kila fundi nchini amewahi kulifungua.

Lakini kuna sababu kubwa zaidi ya mimi kulijali gari hili. Mama yangu anaishi Limuru. Figo zake zimechoka, na kila Jumanne na Ijumaa humleta Nairobi kusafishwa damu. Mashine zile zina ratiba, na wagonjwa wanaozingojea ni wengi. Ukichelewa, saa zako hupunguzwa ama unangoja hadi jioni. Matatu angepanda, lakini siku ya kusafishwa damu hurudi akiwa hana nguvu hata ya kubeba mkoba wake. Kwa hiyo gari likiugua, nyumbani kwetu wanaugua wawili.

Magonjwa mawili, jina moja

Ukimwambia mtu "klachi yangu imekufa" hujamwambia kitu, kwa maana klachi hufa kwa njia mbili zilizo kinyume kabisa.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Injini inazunguka muda wote. Magurudumu wakati mwingine yanazunguka, wakati mwingine yamesimama. Katikati kuna sahani, mafundi huiita klachi pleti, iliyobanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Mguu ukiwa nje ya pedali, springi kali ya presha pleti inaibana sahani na nguvu inapita kwenda kwenye giaboksi. Ukikanyaga, rilizi beringi inasukuma vidole vya ile springi, sahani inaachiwa, nawe unabadilisha gia.

Ugonjwa wa kwanza: klachi *inateleza*. Mguu uko nje, sahani inapaswa kubanwa, lakini imeliwa mpaka haishiki tena. Unapiga moto, injini inalia, gari haliongezi mwendo.

Ugonjwa wa pili: klachi *haiachii*. Umekanyaga hadi sakafuni lakini sahani bado imeshikwa kidogo. Gia zinakataa kuingia, ama zinaingia kwa kusaga meno, na ile ya kurudi nyuma ndiyo inayopiga kelele zaidi.

Ugonjwa wa kwanza mara nyingi uko kwenye sahani yenyewe. Wa pili mara nyingi uko kwenye mafuta yanayobeba nguvu ya mguu wako kutoka kwenye pedali hadi kwenye giaboksi. Sisemi kila mara. Lakini ukichanganya haya mawili, utalipia kazi ambayo gari halikuihitaji.

Langu lilianza na ule wa kwanza. Kutoka Nairobi kwenda Limuru ni kupanda karibu njia yote, na baada ya Kikuyu nikiwa gia ya nne injini ilikuwa ikipandisha mzunguko bila mwendo kubadilika. Siku moja mama akaniuliza, "Mwanangu, ni nini kinaungua?" Nilipofika mahali tambarare pasipo na mtu mbele nikalipima: handibreki juu kabisa, gia ya nne, nikaachia klachi polepole. Injini ya gari zima huzimika hapo hapo. Yangu iliendelea kunguruma kama haijaguswa. (Kipimo hiki kifanye mara moja tu, kwa sababu kinaunguza sahani.) Hapakuwa na mjadala tena, sahani ilikuwa imekwisha.

Kushusha giaboksi

Jumamosi nilipeleka gari kwenye gereji fulani pamoja na seti mpya ya vitu vitatu: sahani, presha pleti na rilizi beringi. Hivi hubadilishwa pamoja. Sababu ni rahisi: spea ni sehemu ndogo ya taabu, taabu yenyewe ni kufika kwenye spea. Betri inatoka, oili ya giaboksi inamwagwa, shafti za magurudumu ya mbele zinachomolewa, stata inafunguliwa, injini inategemezwa kwa jeki, ndipo giaboksi ishuke. Hakuna anayetaka kurudia yote hayo baada ya miezi miwili kwa ajili ya beringi moja.

Nilikaa pale nikitazama. Sahani ya zamani ilikuwa imeliwa hadi karibu na ribiti. Flaiwili ilikuwa na alama za joto lakini bila nyufa, wakaisugua na kuisafisha. Sahani mpya waliiweka upande sahihi, wakaipanga katikati kwa kifaa maalum ili shafti ya giaboksi iingie bila kulazimishwa, na bolti za presha pleti wakazikaza kidogo kidogo kwa kuvuka, moja huku na inayoikabili kule. Kazi hiyo waliifanya vizuri, siwanyimi sifa.

Kitu kimoja hakikuguswa. Ile silinda ndogo iliyo nje ya giaboksi, inayosukuma uma wa klachi, waliifungua bolti zake mbili, wakaining'iniza pembeni na paipu yake, kisha wakairudisha ilivyokuwa. Kwenye Corolla hii hilo ni jambo la kawaida, maana silinda iko nje na haizuii kazi.

Jumanne ya kwanza gari lilipanda mlima kama kijana. Ijumaa vilevile. Jumanne iliyofuata, siku 10 baada ya kazi, tukiwa kwenye msongamano wa Kangemi, pedali ikaanza kushuka. Nikikanyaga mara moja gia ya kwanza inasaga. Nikipiga pedali haraka mara tatu nne inapanda, gia inaingia. Baada ya dakika chache hata hilo likawa halisaidii, gari likawa linataka kwenda mbele nami nimekanyaga hadi sakafuni. Mbele yangu kulikuwa na bodaboda mbili na mama mwenye mtoto mgongoni akivuka. Nikazima injini, vijana wakanisaidia kulisukuma hadi kituo cha mafuta, nikamwitia mama teksi. Alifika amechelewa kwa dakika 50, na siku hiyo wakamkata saa moja kwenye mashine. Aliniambia haidhuru. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba.

Zamu iliyofuata ilikuwa Ijumaa.

"Bosi, hiyo klachi ni feki"

Gari lilivutwa hadi gereji ile ile. Jibu lilikuja hata kabla boneti haijafunguliwa: "Bosi, hiyo klachi uliyoleta ni feki. Inabidi tushushe giaboksi tena." Kwa malipo ya kazi upya, bila shaka.

Spea feki zipo Nairobi, wala silikatai. Lakini fikirieni dalili zenyewe. Nikipiga pedali mara kadhaa, klachi inarudi. Je, sahani ya chuma na nyuzi inajuaje kwamba nimekanyaga mara nne badala ya moja? Haijui. Sahani haina kumbukumbu. Kilicho na kumbukumbu ya mkanyago uliopita ni mafuta yaliyo ndani ya paipu. Niliuliza kama wameitazama silinda ya chini. "Hiyo haina shida, bosi, si unaona pedali inarudi juu?" Pedali hurudishwa juu na springi yake! Hata gari lisilo na tone la mafuta laweza kurudisha pedali.

Nikawashukuru, nikalitoa gari.

Jumatano nikampelekea mzee mmoja wa jua kali upande wa Kawangware. Nikaanza kumsimulia gereji walivyosema, akanikatiza. "Kijana, usiniambie walisema nini. Niambie pedali inafanya nini." Jamani, hilo neno ningelibandika ukutani ofisini! Ni mara ngapi mteja ananiandikia "seva yenu imeharibika", na baada ya saa mbili nagundua ni waya wa mtandao wake?

Mzee alisikiliza, akachukua tochi, akainama mbele ya giaboksi na kufunua mpira wa kuzuia vumbi kwenye silinda ya chini. Mafuta meusi yakachuruzika kwenye kidole chake. "Huyu ndiye mwizi wako," akasema.

Kijiko kimoja cha chai

Hapa ndipo penye hesabu. Juu, nyuma ya pedali, kuna silinda ya kwanza, klachi masta. Chini kwenye giaboksi kuna ya pili, mafundi huiita slevu. Kati yao ni paipu iliyojaa mafuta ya breki. Kimiminika hakibanwi kama hewa, kwa hiyo ukisukuma upande mmoja, upande wa pili unasogea. Mfaransa Blaise Pascal aliieleza kanuni hiyo katika karne ya 17.

Tuchukue vipimo vya mfano: masta ina kipenyo cha milimita 16, slevu milimita 20. Eneo la slevu ni kubwa mara 1.56, hivyo nguvu ya mguu wako inaongezeka mara 1.56 na mwendo unapungua kwa kiasi hicho hicho. Pistoni ya masta ikienda milimita 25, ya slevu inakwenda milimita 16. Sasa piga hesabu ya ujazo: mafuta yote yanayohama kwa mkanyago mmoja ni kama mililita 5. Kijiko kimoja cha chai!

Kwenye kijiko hicho ukipoteza mililita 1 tu, iwe kwa kuvuja au kwa hewa inayobanwa badala ya kusukuma, slevu inapungukiwa milimita 3.2. Badala ya 16 unapata 12.8. Sahani haiachiwi sawasawa, gia zinasaga, nawe unaambiwa ushushe giaboksi. Na ndiyo maana kupiga pedali kunasaidia kwa muda: kila mkanyago unavuta mafuta mengine kidogo kutoka kwenye kikopo cha juu na kuyaongeza kwenye paipu.

Lakini kwa nini slevu iliyofanya kazi miaka yote ife siku 10 baada ya klachi mpya? Mzee alinichorea kwa kijiti ardhini. Sahani inapoliwa inakuwa nyembamba. Presha pleti inasogea kuelekea flaiwili, na vidole vya springi vinarudi nyuma kuelekea giaboksi. Vidole vinasukuma beringi, beringi inasukuma uma, uma unaisukuma pistoni ya slevu ndani zaidi ya silinda yake. Kwa hiyo mwaka baada ya mwaka pistoni inahamia kwenye kina. Ile sehemu ya karibu na mdomo inabaki bila kupitiwa, nayo inaokota uchafu, unyevu na kutu.

Kisha unaweka sahani mpya, nene. Vidole vinarudi mbele, na pistoni inatoka kuja kukaa pale pale mdomoni, penye kutu ya miaka. Mpira laini wa pistoni unasuguliwa juu ya ukuta mkavu kama msasa mara mamia kwenye msongamano mmoja wa Waiyaki Way. Siku 10 zinatosha kabisa.

Klachi mpya haikuwa feki wala slevu haikufa kwa bahati mbaya. Kila kimoja peke yake kilikuwa kinafanya kazi. Kilichobadilika ni *mahali* ambapo kimoja kilimtaka mwenzake afanyie kazi. Mwandishi wa programu yeyote aliyewahi kusasisha maktaba moja, kisha sehemu nyingine ambayo hakuigusa ikaanguka, anaijua hali hii. Makosa yale yalikuwamo zamani, hakuna aliyekuwa anapita njia hiyo.

Alhamisi: kazi yenyewe

Slevu iliyong'olewa tuliitazama ndani kwa tochi. Kama ukuta ungekuwa laini tungenunua seti ya mipira tu na kuokoa pesa. Ukuta ulikuwa na mashimo ya kutu upande wa mdomoni, kama alivyochora. Mpira mpya hapo ungeliwa kama wa kwanza. Basi nikapanda matatu hadi Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, nikiwa na silinda ya zamani mfukoni. Usiende bila kitu mkononi. Corolla mbili zinazofanana kwa sura zaweza kuwa na slevu za vipimo tofauti, na muuzaji mwaminifu atalinganisha kipenyo na mkao wa bolti mbele yako.

Kabla ya kufunga mpya, mzee alikagua vitu viwili zaidi. Cha kwanza, masta: aliingiza mkono chini ya dashibodi na kupapasa inapoingia fimbo ya pedali. Pakavu. Cha pili, paipu ya mpira: aliniambia nikanyage naye akiishika. Paipu kuukuu huvimba kama puto, na uvimbe huo nao unakula kutoka kwenye kile kijiko cha chai. Yangu ilikuwa imara.

Kisha tukaja kwenye kutoa hewa. Mafuta ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Kwangu ni DOT 3, kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta haya hunywa unyevu kutoka hewani. DOT 3 kavu inapaswa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishalowa kiwango hicho hushuka hadi 140, na maji hayo ndiyo yanayoleta kutu ndani ya silinda. Usiweke oili ya injini hata kama fundi anakuambia "ni kwa leo tu", kwa sababu inavimbisha mipira yote. Na likikudondokea tone kwenye rangi ya gari, mwagia maji mara moja kabla rangi haijababuka.

Unahitaji watu wawili, spana ndogo, paipu nyembamba ya kuonyesha na chupa yenye mafuta kidogo chini. Paipu inavalishwa kwenye skrubu ya kutolea hewa ya slevu, ncha yake inazama kwenye mafuta ya chupa. Halafu ni wimbo mmoja:

1. Aliye ndani anakanyaga hadi chini na kusema "nimeshika".
2. Aliye chini anafungua skrubu. Mafuta na mapovu yanatoka.
3. Aliye chini anafunga skrubu na kusema "achia".
4. Aliye ndani anaachia pedali. Turudie.

Ukiachia pedali kabla skrubu haijafungwa, unavuta hewa ndani na kazi inaanza upya. Na kikopo cha juu kisiruhusiwe kukauka. Mimi ndiye niliyekuwa ndani. Mafuta ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa, yakaja ya hudhurungi, mwishowe yakaja safi bila povu.

Hatukuishia hapo, kwa sababu "naona imepona" si kipimo. Injini ikiwa inanguruma taratibu, nilikanyaga, nikangoja kidogo, nikaingiza gia ya kurudi nyuma: kimya. Kisha gia ya kwanza, mahali tambarare, pedali chini kwa dakika nzima. Gari halikusogea. Kama masta ingekuwa inapitisha mafuta kwa ndani, pedali ingezama taratibu na gari lingeanza kutambaa bila tone kuonekana nje. Alfajiri ya Ijumaa, kabla ya kuwasha, nikakanyaga tena. Pedali ilikuwa pale pale tulipoiacha.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa Limuru. Tulipofika Kangemi msongamano ulikuwa wa kawaida, na mama alikuwa amelala kitini tangu Uthiru. Alipata saa zake zote.

Muhtasari kwa wenye haraka

- Klachi inayoteleza na klachi isiyoachia ni magonjwa mawili. Uliza ni lipi kabla ya kuuliza bei.
- Kupiga pedali kukirudisha klachi, anza na mafuta, si giaboksi.
- Ukibadilisha klachi ya gari la zamani, fungua slevu uitazame ndani siku hiyo hiyo. Magari mengine ya kisasa yana slevu ndani ya giaboksi, imezunguka shafti. Hapo ibadilishe pamoja na seti, usingoje ivuje.
- Sahani mpya hushusha kidogo mafuta kwenye kikopo, maana pistoni ya chini imetoka nje. Jaza hadi alama, kisha tazama kila siku kwa wiki mbili. Yakiendelea kushuka, yanakwenda mahali.
- Mweleze fundi dalili, usimweleze hukumu. Na akikupa hukumu kabla ya dalili, chukua ufunguo wako.

Mimi sasa nina faili dogo la maandishi kwenye tarakilishi, klachi.txt: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, rangi ya mafuta yaliyotoka. Mistari minne tu mpaka sasa. Masta ni ya zamani bado, nayo nimeiandika.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye nakala za data. Endesheni salama.